UZI: Unapanga kwa mara ya kwanza Mtwara au Lindi? Kagua haya kabla hujatoa hela, ujue lipi lako na lipi la mwenye nyumba

Mkazi_Chuno

Wakuu, habari za humu. Vyuo vikifunguliwa na msimu wa korosho ukianza, maswali ya kupanga yanajirudia yale yale. Naanzisha uzi mmoja, mafundi na wajuzi wa sheria waongezee.

Kwanza hesabu, maana wengi wanapiga ya mwezi mmoja tu. Tuseme umepata chumba, sebule na choo ndani kwa 120,000 kwa mwezi (ni mfano, msinishikie bei). Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni 720,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 120,000. Hapo umefika 840,000 na hujanunua hata taa. Bado silinda mpya ya kitasa, gari la vyombo, ndoo na madumu, na LUKU ya kuanzia. Ukiwa na 850,000 kamili mfukoni, nyumba hiyo bado huiwezi. Tafuta ya 100,000.

Pili, macho. Mvua za kusini ni msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Ukikagua nyumba Julai kila paa ni zima. Kwa hiyo usitafute maji, tafuta alama zake: madoa ya rangi ya chai kwenye dari, jipsamu iliyovimba kwenye maungio, mbao ya dari iliyopinda. Ukiona dari limepakwa rangi mpya kipande kimoja tu, kile kipande kina siri. Uliza.

Tatu, chumvi. Shangani, Ufukoni, Mikindani na Lindi yote ya ufukweni, upepo wa bahari unakula chuma. Shika nondo za dirisha kwa mkono: zikimomonyoka maganda, hazizuii mwizi tena. Angalia misumari ya bati na ukingo wa paa. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na karibu na maji linaoza mapema. Vitasa na bawaba vinaganda, kwa hiyo fungua kila mlango na kila dirisha mwenyewe, usitosheke na kufunguliwa.

Nne, mchwa. Gonga fremu za milango kwa ncha ya bisibisi, hasa chini karibu na sakafu. Mlio wa kopo tupu maana yake ndani kumeliwa. Njia za udongo ukutani zikipanda kuelekea dari, ujue paa nalo limeshafikiwa.

Mafundi karibuni.

FundiBomba_Vigaeni

Mkuu umeanza vizuri, nachukua maji.

Nenda na ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Fungua koki ya jikoni, hesabu sekunde hadi ijae. Dakika mbili ni sawa. Ikifika dakika tano, ama presha ni ndogo ama bomba limejaa kutu. Kisha uliza swali moja tu: haya ni maji ya mamlaka ya mji, MTUWASA (kwa Lindi, LUWASA), moja kwa moja, ya tanki, au ya kisima? Majibu matatu hayo ni maisha matatu tofauti.

Kama ni tanki, angalia liko juu kiasi gani. Kinachosukuma maji ni tofauti ya kimo kati ya tanki na koki, ukubwa wa tanki hauhusiki. Tanki lililokaa kwenye mnara wa mita 3 na shawa iko mita 2, umebakiwa na mita moja ya kusukuma. Utaoga kwa matone. Hapo ndoo na kopo, usimlaumu mtu.

Ujazo nao: mtu mmoja anayeoga, kupika, kufua na kuflashi anatumia ndoo 4 hadi 5 kwa siku, yaani lita 80 hadi 100. Simtanki la lita 1,000 kwa watu watano linakwisha siku ya pili. Kama mtaa ule maji yanatoka kwa mgao, linganisha siku za mgao na hesabu hiyo.

Kama ni kisima, onja. Karibu na bahari visima vingi ni vya chumvi. Sabuni haitoi povu, shawa na koki zinaziba, na chai haina ladha. Angalia pia kisima kiko umbali gani na karo la choo, la kwao na la jirani. Chini ya mita 30 mimi nisingeyanywa hata yakichemshwa.

Mita ya maji: tarakimu nyeusi ni uniti, nyekundu ni sehemu ya uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Funga koki zote, tazama kile kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, kuna bomba linavuja chini na bili yake utalipa wewe. Choo nacho kinaiba kimya kimya. Weka majani ya chai au rangi kwenye tanki la flashi, subiri dakika 15 bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, ile raba ya chini imekufa. Ni kifaa cha bei ndogo ila kinaweza kumwaga maji mengi kuliko unayooga.

La mwisho kwa maji: akaunti mara nyingi iko kwa jina la mwenye nyumba, na deni linakaa na mita. Huduma ikikatwa, anayekosa maji ni aliyemo ndani. Omba bili ya mwisho kabla ya kulipa kodi, na siku ya kupokea ufunguo piga picha ya mita.

Mgeni_Mitwero

Asanteni. Mimi nauliza upande wa Lindi mjini, kuna la ziada? Na karo likijaa nani anaita gari la kunyonya?

FundiBomba_Vigaeni

Karo: andikeni kwenye mkataba, kwa sababu hapo ndipo ugomvi mwingi unaanzia. Utaratibu wa haki ni huu: siku ya kuingia mfuniko ufunguliwe, muone kiwango. Likiwa limejaa kabla hujaingia, la mwenye nyumba. Likijaa katikati, wapangaji wote wa uwanja mnachangia gari. Bomba likiziba kwa pedi, nepi au matambara, anayelipa ni aliyetupa. Majani mabichi yanayostawi kuzunguka mfuniko wakati kila mahali pamekauka, hilo karo linafurika tayari.

Mzee_wa_Rasbura

Lindi, mwanangu, cha kutazama ni mteremko. Mji umekaa kati ya vilima na ghuba. Maji ya mvua yanayoshuka yanatafuta njia, na njia yenyewe inaweza kuwa uwanja wako. Tazama alama ya tope kwenye kuta za nje, kimo chake. Tazama mtaro wa mbele unakwenda wapi na umezibwa na nani. Msingi ulioachwa wazi kwa kuchimbwa na maji, ukaona mawe, huo utapasua ukuta.

Na kama vyombo vinatoka Dar, usipange gari liingie siku ile ile unayotakiwa kuhama. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar. Acha siku za akiba.

Lingine: ukiambiwa kodi imepanda kwa ajili ya mradi wa gesi wa Likong'o, hesabu kwanza nyumba zilizo wazi mtaa ule. Bei ya tetesi haidumu, ila mkataba wa mwaka unadumu mwaka.

Uniti_28

Umeme nauchukua mimi.

Swali la kwanza: LUKU ni yako peke yako au ya kushea? Nyumba nyingi za uwanja, Chikongola, Majengo, Magomeni, zina mita moja kwa vyumba vitano au sita. Tatizo la kushea si majirani wabaya, ni hesabu. Mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ananunua uniti 75 kwa 9,150. Akivuka, anahamia bei ya kawaida, na hapo 10,000 inatoa takribani uniti 28. Vyumba sita kwenye mita moja haviwezi kubaki chini ya 75, kwa hiyo nyote mnalipa bei ya juu hata wewe mwenye taa mbili.

Kama hakuna namna, gawaneni kwa matumizi. Feni ya wati 70 ikizunguka saa 10 inakula uniti 0.7. Joto la Mtwara la Novemba hadi Machi feni hailali, weka uniti 20 hivi kwa mwezi. Friji dogo ni uniti moja hadi moja na nusu kwa siku. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni nusu uniti. Jiko la umeme la wati 1,500 kwa saa mbili ni uniti 3, huyo asichangie sawa na mwenye redio. Dawa halisi ni kila mmoja kuwa na mita ndogo ya kusomea baada ya LUKU, inayofungwa na fundi mwenye leseni.

Halafu kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU. Tangu Agosti 2021 inakatwa humo, shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, na ni ya mwenye nyumba.

Mkazi_Chuno

Hapo rekebisha mkuu, 1,000 ilikuwa mwanzo. Julai 2023 ilipanda: nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, 90,000 kwa mwaka.

Uniti_28

Sawa kabisa, nimeteleza. Na ndiyo maana ukinunua 10,000 kwa mara ya kwanza mwezi huo unapata karibu uniti 24 badala ya 28. Hujaibiwa.

Ila mtego uko kwenye nyumba iliyokaa wazi. Kama miezi sita hakuna aliyenunua umeme, ununuzi wako wa kwanza unabeba deni la miezi hiyo, 9,000. Mwambie mwenye nyumba anunue yeye umeme mbele yako kabla hujalipa, hata wa 15,000. Utajua mita ni nzima, deni limekwisha, na namba ya mita ni ya nyumba hiyo kweli. Na mkubaliane 1,500 zako zinarudi vipi. Rahisi ni kukata 18,000 kwenye kodi ya mwaka ujao, mradi imeandikwa. Nyumba moja yenye mita mbili zinazokatwa zote mbili, mmiliki apeleke taarifa TRA moja iondolewe.

Kagua pia saketi breka. Chomeka pasi kwenye kila soketi. Soketi iliyoungua mdomo au inayotoa cheche, itengenezwe kabla ya kuingia. Ukigusa bati la friji au koki ukahisi mtetemo, waya wa ardhini umekatika au haukuwahi kuwepo. Kwenye mchanga mkavu hata nondo ya ardhini iliyopo inaweza isifanye kazi vizuri, fundi aipime. Hilo si la kusubiri mwezi ujao.

Karani_Mstaafu

Nimesoma. Sasa mkataba, maana hapa ndipo watu wanaishi kwa hisani.

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Leo upangaji unaongozwa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, pamoja na Sheria ya Mikataba. Tafsiri yake ya mtaani ni hii: hakuna bei elekezi, na hakuna anayemlazimisha mwenye nyumba apokee mwezi mmoja mmoja. Mtakachokubaliana ndicho kinachowafunga.

Mkataba wa mwaka mmoja kushuka unaweza kuwa hata wa mdomo, sheria inautambua. Lakini mdomo hauna shahidi. Andikeni nakala mbili, kila ukurasa usainiwe, mashahidi wawili. Kwa mtendaji wa mtaa au kwa wakili, vyovyote.

Kuna mambo yanahesabika yamo hata msipoyaandika, vifungu vya 88 na 89 vya Sheria ya Ardhi. Mwenye nyumba: akuache ukae kwa utulivu, nyumba ifae kukaliwa na binadamu, na kama umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni zake kuzitunza. Mpangaji: alipe kodi kwa wakati, atumie nyumba kwa kilichokubaliwa, asimpangishe mwingine bila ridhaa, na aikabidhi ilivyokuwa isipokuwa uchakavu wa kawaida.

Hilo la uchakavu mlielewe. Rangi iliyofifia kwa jua, sakafu iliyopoteza mng'ao, koki iliyolegea kwa umri: uchakavu. Kioo kilichovunjika, kigae kilichopasuka kwa kudondoshewa kinu, mlango uliotobolewa: uharibifu, unalipa. Ndiyo maana siku ya kuingia piga picha kila chumba, kila kona, umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Tarehe itabaki pale. Picha ulizokaa nazo mwenyewe hazina uzito sawa.

Ushuru wa stempu: asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa ule mfano wa 120,000 kwa mwezi ni 14,400. Unalipwa TRA ndani ya siku 30 tangu kusaini. Watu wanaupuuza, halafu siku ya kesi mkataba haupokelewi kama ushahidi hadi ulipiwe na adhabu juu. Andikeni nani analipa. Usiuchanganye na kodi ya zuio ya asilimia 10. Hiyo inatokana na mapato ya mwenye nyumba, na ukipanga fremu ya biashara ni wajibu wako kuizuia na kuipeleka TRA.

Binti_Mikindani

Kaka karani, nyumba ya urithi je? Nimeona moja Magengeni, ndugu watatu na kila mmoja anasema alipwe yeye.

Karani_Mstaafu

Dada, nyumba ya marehemu ana mamlaka nayo msimamizi wa mirathi. Omba kuona barua ya usimamizi kutoka mahakamani, jina lifanane na kitambulisho cha NIDA na jina la akaunti unayotumia kulipa. Haipo? Basi ndugu wote watatu wasaini mkataba na wamtaje mmoja wa kupokea. Ukimlipa mmoja kimya kimya, wengine wawili watakuja mwezi wa pili na hoja yao itakuwa ya kweli.

Kwa nyumba isiyo ya urithi, omba hati, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano. Kisha mpitie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, uulize nyumba ile ni ya nani. Dakika kumi. Barua yako ya utambulisho utaihitaji huko huko.

Dalali_Ligula

Naona madalali hatujaguswa bado, nijiguse mwenyewe. Dalali halali analipwa siku mpangaji anapopewa ufunguo, kabla ya hapo ni hela ya kuonyeshwa tu, na iwe ndogo mliyokubaliana mapema. Anayedai kodi yote ipitie kwenye simu yake, mkimbie. Kodi inakwenda kwa mwenye nyumba, kamisheni kwa dalali, malipo mawili tofauti, risiti mbili. Na mkishindwana na mwenye nyumba baada ya mwezi, msitudai sisi, sisi hatukai humo.

Mkazi_Chuno

Hilo la mwisho tutalijadili siku nyingine, mkuu. 😂

Mkorosho_Tandahimba

Mmesahau salfa. Kuanzia Juni watu wanapulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na mpangaji mwenye shamba anajaza mifuko ya salfa ya unga chumbani. Ile inashika moto, inawasha macho na kifua, na ikipata unyevu inakula nondo na vitasa. Kama uwanja una mpangaji wa namna hiyo, jua kabla. Kama ni wewe, tafuta stoo. Umepewa nyumba ya kulala, na kuigeuza ghala ni kuvunja mkataba. Magunia ya korosho yakipangwa hadi darini nayo yanapasua sakafu nyembamba na kuleta panya.

Mgeni_Mitwero

Notisi inahesabiwaje? Na kwenye mkataba niliopewa imeandikwa nitapaka rangi nikihama, ni gharama kiasi gani?

Karani_Mstaafu

Notisi: kama mkataba umetaja, fuata huo. Kama haukutaja muda wa upangaji, kipindi cha kulipa ndicho kinachohesabika. Unalipa mwezi kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja na iishe siku ya kulipia kodi. Unalipa miezi mitatu mitatu, notisi ni miezi mitatu. Iwe ya maandishi, yenye tarehe, na mpokeaji asaini nakala yako. Kwa mkataba wenye muda maalumu, andikeni mapema: anayetaka kuhama katikati anarudishiwa kodi iliyobaki au hapana? Bila mstari huo, kurudishiwa miezi mitatu iliyobaki ni ndoto.

Mkikwama, anzeni kwa mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa linatoa cheti, nacho ndicho kinachokufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mkataba wenye stempu, risiti, picha na nakala za notisi.

FundiRangi_Railway

Rangi nakupa hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, kuta za mita 2.8: mzunguko ni mita 13, mara 2.8 ni mita za mraba 36. Toa mlango na dirisha, inabaki 32 hivi. Lita moja ya rangi ya emalshani inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili ni lita 6 hivi. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba vitatu vya namna hiyo, dari halimo. Ongeza puti ya kuziba matundu ya misumari na msasa. Ukuta wenye chumvi inayotoka kama unga mweupe chini, usipake juu yake, itabanduka ndani ya miezi. Huo ni unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, kwa hiyo ni wa mwenye nyumba. Upige picha siku ya kuingia, la sivyo utaambiwa ulikuwa unamwaga maji.

Binti_Mikindani

Na kitasa? Naruhusiwa kubadili?

Mkazi_Chuno

Badili silinda tu, si kitasa chote, na mwambie mwenye nyumba. Pima urefu wa ile ya zamani kabla ya kwenda dukani, na uitunze pamoja na funguo zake. Siku ya kuhama unairudisha ile ya zamani na kuondoka na yako. Marekebisho mengine, mfano koki kubwa au bati, pata kwanza ujumbe wa "tengeneza, nitakukata kwenye kodi", na kiasi kitajwe. Risiti za vifaa na za fundi ziweke pamoja na mkataba.

Mgeni_Mitwero

Nimeipata. Jumamosi naenda kuona nyumba na ndoo, bisibisi na pasi. Mwenye nyumba atadhani nahamia kabisa.

FundiBomba_Vigaeni

Beba na majani ya chai.